Ruta ya nyumbani: kinachokufa ni nini hasa?

Stima ikikatika Kisumu jioni ya radi na kurudi usiku, simu za mafundi huanza kulia. Malalamiko ni yale yale: "Wi-Fi imekufa." Tatizo ni kwamba ndani ya kile kisanduku chenye antena mna vifaa vitatu au vinne vilivyobanwa pamoja, na mara nyingi kilichokufa ni kimoja tu. Kuna siku hata hakuna kilichokufa. Anayejua kipi hufanya nini hukwepa kununua ruta mpya bure.

Kazi ya ruta yenyewe ni kuunganisha mitandao miwili: ule mdogo wa nyumbani kwako na ule mkubwa wa kampuni inayokuuzia intaneti. Kwa kawaida nyumba hupewa anwani moja tu ya IP, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni, ilhali ndani mna simu kadhaa, televisheni na laptopu ya mtoto wa chuo. Ni kama shule ya bweni yenye sanduku moja la posta: barua zote huja kwa S.L.P. ile ile, na kuna karani anayejua hii ni ya Kidato cha Pili, ile ni ya mwalimu wa zamu. Ruta ndiyo karani huyo. Hukipa kila kifaa anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168, kisha hukumbuka nani aliomba nini. Ujanja huu ulihitajika kwa sababu anwani za IPv4, yaani mfumo wa zamani wa IP ambao bado unatumika, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na hazitoshi.

Pembeni ya karani huyo kuna redio, ambayo ndiyo Wi-Fi yenyewe, na kuna swichi, yaani yale matundu ya waya yaliyoandikwa LAN. Kwa wenye faiba, mara nyingi kisanduku hicho hicho kina kifaa kingine kinachogeuza mwanga unaopita kwenye waya wa kioo kuwa mawimbi ya umeme. Kinaitwa ONT. Kila kimoja kati ya hivi kina namna yake ya kufa, na taa za mbele hukuonyesha ni kipi.

Ndiyo maana fundi mzuri haulizi umenunua lini. Huuliza, "Mama, taa gani inawaka?"

Kama hakuna taa hata moja, usiilaumu ruta kwanza. Jaribu soketi nyingine, kisha ukague adapta. Hiki kidude cheusi cha ukutani hupokea volti 240 za stima yetu na kuzishusha hadi 12, au 9 au 5 kwa baadhi ya ruta. Ndicho husimama mbele umeme unaporudi kwa kishindo, kwa hiyo ndicho hupigwa kwanza. Tena kina tabia ya kufa nusu: ndani yake mna kapasita, vijidude vya kutunza chaji, zinazozeeka kwa joto, volti zikaanza kuyumba, taa zinawaka vizuri lakini ruta inajizima na kujiwasha, hasa watu wakianza kutazama video. Wengi hutupa ruta nzima wakati huo. Adapta nyingine ni shilingi mia chache, ila soma maandishi yake kabla ya kulipa. Volti lazima ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi, na ncha iingie bila kulazimishwa, huku mchoro wa chanya na hasi ukifanana. Adapta ya volti 12 kwenye ruta ya volti 5 itamaliza kazi ambayo radi ilishindwa.

Kwenye faiba, taa ya PON ikitulia kijani, mwanga unafika. LOS ikimulika nyekundu, mwanga haufiki, na hapo ruta haina hatia. Labda waya umekatika kwenye nguzo, au umekunjwa vibaya nyuma ya kochi; kioo kikipindwa sana mwanga huvujia nje hata kama waya haujavunjika. Unyooshe taratibu, uone kama taa itabadilika. Isipobadilika, ipigie kampuni.

Taa zote zikiwa nzuri na bado hakuna kitu, chukua simu, ujiunge na Wi-Fi, halafu uandike kwenye kivinjari anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta, aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa ruta ukifunguka, redio iko hai na karani yuko kazini. Shida iko mbele, kwa kampuni au kwenye malipo ya mwezi. (Malipo ya mwezi. Usicheke.) Simu isipoiona Wi-Fi kabisa, unganisha laptopu kwa waya. Intaneti ikija kwa waya, redio ndiyo iliyokufa, au kuna mtu aliizima kwa kile kitufe cha pembeni bila kujua. Na waya ukikataa kwenye tundu la kwanza, jaribu la pili. Radi hupenda kuunguza tundu moja na kuacha mengine, hasa lile lenye waya mrefu unaoenda nyumba ya pili.

Kuhusu kile kitundu cha Reset cha kuchokolewa kwa pini: kiogope. Kuzima ruta na kuiwasha baada ya nusu dakika hakufuti chochote, na huponya mengi. Kuchokoa pini kwa sekunde kama 10 hufuta mipangilio yote, pamoja na jina la mtumiaji na nywila ambazo baadhi ya kampuni hutumia kuitambua nyumba yako. Watu hupata wazo hilo kwa jirani, na ruta iliyokuwa na kasoro ndogo ikawa haiwezi kuingia mtandaoni hadi kampuni iipange upya.

Wi-Fi dhaifu nayo si lazima iwe ruta mbovu. Masafa ya redio ya GHz 2.4 hufika mbali lakini ni ya polepole na yenye msongamano. Ya GHz 5 ni ya kasi ila huchoka kwenye kuta. Mabati huyarudisha yote mawili, kwa hiyo kule Nyalenda au Manyatta nyumba ya pili ya mabati, hatua chache tu kutoka mlangoni, inaweza kukosa mtandao kabisa.

Ikibidi kubadilisha, fahamu kwamba ONT husajiliwa na kampuni kwa namba yake ya kiwandani (serial number). Huwezi kuinunua dukani Kondele, uichomeke na kuanza kutumia. Lazima kampuni iiandikishe. Kilichokufa kikiwa ni redio tu, unaweza kuacha kisanduku cha kampuni mahali pake na kununua ruta ya kawaida, ukapitisha waya kutoka tundu la LAN la kisanduku cha kampuni hadi tundu la WAN, yaani la kuingizia intaneti, la ruta mpya. Nunua iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Ipe jina na nywila zile zile za zamani, na simu za nyumbani zitajiunga zenyewe bila kelele, lakini nywila ya kuingilia mipangilio ibadilishe siku hiyo hiyo.

Na radi ikianza kunguruma kutoka ziwani, chomoa. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu nafasi ndogo iliyo ndani ya swichi si kitu kwa radi. Faiba yenyewe ni kioo na haipitishi umeme; hatari huja kwa waya wa stima na waya wa shaba wa LAN unaotoka nje. Chomoa vyote viwili.