Medali ya koko haisemi unachodhani inasema

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye matanga huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, nimejikalia na sahani yangu ya fufu na sambaza, kijana mmoja akasimama kueleza ukoo wao. Koko yake, yaani babu yake, alikuwa shujaa wa Saio, akasema, na ushahidi ni huu hapa. Akatoa medali mfukoni. Watu walipompigia makofi, akili ikamruka kidogo, akamgeukia jirani yake ambaye naye alikuwa ametaja koko yake, akamwambia: "Yako alibebaka tu mizigo. Hana medali." Watu wakacheka. Mimi sambaza ilinikwama kooni.

Nasomea familia makaratasi ya askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, tangu nilipokuwa na nywele nyeusi, na maneno hayo nimeyasikia mpaka nayaota: mwenye medali ni shujaa, asiye na medali ni mpagazi. Leo nayajibu kwa maandishi, ili mwingine akinipigia simu saa tatu usiku nimtumie hii, nilale.

Saio kwanza, upesi upesi. Kila siku mtu anamwambia dereva "nashuka Saio", akimaanisha kambi ya jeshi hapa Bukavu, na ukimuuliza Saio ni nani atakujibu bila haya kwamba ni kanali mmoja wa Kibelgiji. Saio si mtu, ni mji. Uko magharibi mwa Ethiopia, juu mlimani, na siku hizi unaitwa Dembi Dolo. Tarehe 3 Julai 1941 jenerali wa Italia, Pietro Gazzera, alijisalimisha hapo pamoja na majenerali wenzake kwa Jenerali Gilliaert wa Force Publique, ambaye karibu jeshi lake lote lilikuwa Wakongomani. Kabla ya hapo, Machi mwaka huohuo, walikuwa wameteka Asosa na Gambela, miji mingine ya magharibi mwa Ethiopia. Kinshasa kuna soko la Gambela, na mama anayeuza pondu pale anataja vita vya 1941 mara mia kwa siku bila kujua. Basi, hilo limekwisha.

Tuje kwenye medali.

Ziko za aina mbili, na ugomvi wote wa Kadutu umetokana na kuzichanganya. Moja ni ya kampeni. Hiyo inasema: mtu huyu alikuwepo. Alikuwepo akipiga bunduki, alikuwepo akipika, alikuwepo akiharisha damu kwenye hema la wagonjwa, yote ni sawa. Nyingine ni ya tendo, na haitoki mpaka kuwe na karatasi inayoeleza mtu alifanya nini, siku gani, mbele ya nani. Medali ninazoletewa ni za kampeni karibu zote. Ile ya kijana wa matanga ilikuwa ya kampeni. Niliigeuza mara mbili chini ya taa ya simu, nikamrudishia, nikanyamaza kwa heshima ya marehemu.

Si kwamba medali ya kampeni ni kitu kidogo. Fikiria njia yenyewe: kutoka Kongo mpaka Juba, kushuka Nile kwa mashua mpaka Malakal (yote miwili ni miji ya Sudan Kusini ya leo), kisha kugeuka mashariki kuingia Gambela kwenye joto la kuchemsha ubongo, halafu kupanda mlima wa Saio kwenye baridi na mvua, chakula kikichelewa nyuma kwa sababu njia ni ndefu kupita kiasi. Magonjwa yaliua kuliko risasi. Aliyefika huko na kurudi, mimi namvulia kofia. Ila usiniambie kile chuma kimekueleza kwamba alivamia bunduki ya mtambo peke yake. Hakijasema hivyo.

Tena chuma chenyewe hakina jina! Hapa ndipo napandisha sauti. Waingereza baada ya vita vya 1914 walichonga jina na namba ya askari kwenye ukingo wa medali. Wabelgiji hawakuwa na desturi hiyo. Medali ya Kibelgiji bila karatasi yake ni yatima, inaweza kuwa ya koko, ya shemeji yake koko, au ya mtu aliyeiacha rehani kwa deni la kasiksi, pombe ya ndizi. Nimeletewa medali ya vita vya Tabora, 1916, Force Publique ilipouteka mji huo wa Tanzania ya leo kutoka kwa Wajerumani, na familia ya mzee aliyezaliwa 1931. Nikawauliza alipigana akiwa tumboni mwa nani. (Hawakurudi. Mke wangu anasema nina mdomo mbaya.) Na tafadhali, acheni kuzisugua kwa ndimu na majivu. Mnafuta maandishi, halafu mnaniletea kifuniko cha chupa kinachong'aa mnataka nikisome.

Kinachotafutwa ni matrikule, yaani usajili wa askari. Namba ya matrikule, batayo (kikosi chake), mwaka wa kuingia, kijiji na chifu aliyemtoa. Majina peke yake hayasaidii, karani aliandika alivyosikia, na askari wengine walitoa jina la kambini ili wasijulikane kwao.

Sasa jiulize ile medali ya tendo ilipatikana vipi. Lazima ofisa aone. Lazima ofisa huyo abaki hai mpaka jioni, awe na kalamu, akumbuke jina, na awe na moyo wa kuandika. Askari aliyemburuta mwenzake kutoka kwenye maji ya mto Bortai wakati hakuna ofisa karibu hakuwa na shahidi ila yule aliyeburutwa, na huyo hakujua Kifaransa. Kwa hiyo daftari la mashujaa ni daftari la walioonekana. Jenerali Tombeur, aliyeongoza vita vya Tabora, alipewa ubaroni na mji mzima ukafungwa kwenye jina lake: Tombeur de Tabora. Waliotembea kwa miguu mpaka Tabora walipewa namba.

Na wale "waliobeba tu"? Vita vya 1914 mpaka 1918 vilichukua wapagazi zaidi ya 200,000 upande wetu peke yake. Ndorobo waliua wanyama wa mizigo, barabara za magari hazikuwepo, kila sanduku la risasi lilipanda kichwani mwa mtu. Nieleze, kati ya mwenye bunduki na yule anayemletea risasi mikono mitupu mahali palepale zinapopita, ni nani hasa alihitaji moyo zaidi? Mimi sijui. Lakini neno "tu" silikubali.

Nikiri na langu. Zamani mama mmoja mzee alinisimulia kuhusu marehemu mumewe. Alisema walivuka "Malakala", akarudi na kikohozi cha baridi. Nikamsahihisha kwa ubingwa wangu: "Mama, unataka kusema Malagarasi." Malagarasi ni mto wa Tanzania, njia ya Tabora. Akaniangalia, akasema, "Sawa, mwalimu, wewe ndiwe unajua." Nikaandika Malagarasi, 1916. Miaka ikapita ndipo nikakutana na Malakal kwenye ramani ya Sudan. Nilikuwa nimemhamisha mume wa mtu kutoka vita vimoja kwenda vingine, miaka 25 nyuma, wakati mjane wake alikuwa amelitamka jina karibu sawasawa. Nilipokwenda kuomba radhi nilikuta ameshazikwa. Tangu siku hiyo naandika kwanza neno lilivyotoka mdomoni, ubingwa baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulipita kwa haraka na mimi linaninyima usingizi. Force Publique ilikuwa pia mkono wa mkoloni: ilikamata wasiolipa kodi, ilisimamia fimbo. Mtu aliyekuwa jasiri Saio 1941 huenda miaka mitatu kabla alisimama kijijini kwa mtu mwingine akihesabu viboko. Nimewahi kukaa na familia mbili za parokia moja zinazomkumbuka mtu mmoja, wengine wakilia, wengine wakitema mate, na zote zilisema kweli. Halafu kuna askari walioasi Luluabourg (leo Kananga) Februari 1944. Kukataa amri, ukijua kinachokusubiri, ni uoga ule? Hakuna medali yake. Mwenye jibu aniletee.

Tarehe 8 Juni 2022 Mfalme Philippe alimvisha Koplo Albert Kunyuku nishani kubwa ya Kibelgiji huko Kinshasa, kwa vita alivyokwenda mpaka Burma. Mzee alikuwa na umri wa miaka 100. Nilifurahi, kweli. Ila, kijana wetu wa Kadutu anisikie, ushujaa wa mzee haukuanzia hapo: tarehe 7 Juni alikuwa nao tayari.

Yule jirani aliyechekwa alinifuata Jumatatu. Ameshika karatasi moja, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka, na ndani kuna matrikule nzima, batayo, na neno Gambela limeandikwa vibaya. Medali hakuna. Anataka kumjengea koko kaburi upya, akaniuliza aandike nini. Nikamwambia: jina, matrikule, batayo, "alifika Gambela 1941, akarudi". Leo amepiga simu. Fundi anahesabu pesa kwa kila herufi, na tarakimu pia anazihesabu, kwa hiyo wanataka kuondoa matrikule, waweke "Shujaa". Nimemwambia asubiri, naongeza mimi hiyo pesa ya namba.