Kubadilisha namba ya mlango hakukufichi

Ukiweka Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, kwenye kompyuta kuukuu ili uwashe taa au pampu ya maji ukiwa mbali, hutakosa mtu wa kukuambia: "Fungua mlango (port) kwenye ruta ili uifikie kutoka nje, ila usitumie 8123 ya kawaida. Weka 48123, hakuna atakayekuona." Si kweli.

Wavamizi hawabahatishi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu inayoweza kukagua mlango mmoja kwenye anwani zote za intaneti za aina ya IPv4 kwa chini ya dakika 45, kwa kompyuta moja tu yenye intaneti ya kasi. Milango yenyewe haizidi 65,535, kwa hiyo zamu ya namba yako itafika tu. Na ukitumia http tupu, nywila yako inapita wazi kwenye Wi-Fi ya hotelini.

Binafsi sioni sababu ya kutotumia WireGuard, VPN inayojenga njia ya siri kati ya simu yako na nyumbani. Simu na kompyuta ya nyumbani kila moja ina ufunguo wake, na pakiti isiyo na ufunguo unaotambulika haijibiwi kabisa. Anayechungulia anakuta kimya. Wala haitaki mashine yenye misuli, na tangu 2020 imo ndani ya Linux yenyewe.

Kama intaneti yako ni ya laini ya simu, huenda anwani ya umma mnachangia na wateja wengine, na kufungua mlango kwenye ruta hakutasaidia chochote. Hapo jaribu Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard: kompyuta yako ndiyo inayoanza kupiga hodi nje, kwa hiyo huhitaji kufungua mlango kwenye ruta.