Mkopo si ufadhili, na mdhamini si mfadhili

Katika kikao cha familia cha hivi karibuni, shangazi yangu alisimama akatangaza kwamba kijana wa binamu yangu "amepata ufadhili wa serikali, asilimia 80". Vigelegele vikapigwa. Nami nilipiga makofi kwa moyo wote, maana kijana amesoma kwa taabu na chuo ni haki yake. Lakini neno lile lilinikaa kooni, kwa kuwa si mara ya kwanza kulisikia. Nimelisikia kwa wazazi, redioni, na hata kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokwisha kusaini fomu zote. Kijana yule hajafadhiliwa. Amekopeshwa.

Maana yenyewe ni fupi. Mkopo wa elimu ya juu, kwa Tanzania, ni fedha za umma ambazo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humpa mwanafunzi Mtanzania mwenye uhitaji ili asome, kwa sharti kwamba atazirejesha. Bodi iliundwa kwa sheria ya 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Kabla yake mikopo ilitolewa na wizara, tangu Julai 1994, na hiyo ya wizarani nayo inadaiwa mpaka leo. Wapo wazee wa ofisini waliohitimu miaka ile wakiamini kwamba serikali iliwasomesha bure, kisha barua ya deni ikawafikia wakiwa na wajukuu.

Tunakopotea ni kwenye maneno.

Tuanze na ufadhili. Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule uliotupa fadhila, na tafadhali pia. Ndani yake kuna wema unaotolewa bila kudaiwa. Mtu akikufadhili, unachoweza kubaki nacho ni deni la shukrani, na hilo halikatwi kwenye mshahara. Ruzuku nayo imetoka kwa Waarabu, na ni ndugu wa damu wa riziki: kile unachojaliwa ili uishi. Wazee walisema Mungu amewaruzuku watoto, na hakuna aliyefikiri kwamba ipo siku Mungu atawaomba warudishwe kwa awamu. Siku hizi tunasema mbolea ya ruzuku, au ruzuku ya vyama vya siasa, na maana haijahama sana. Serikali imeweka mkono wake, basi. Mkulima hatafuatwa baada ya mavuno arudishe ile sehemu ya bei aliyolipiwa.

Mkopo ni neno letu wenyewe, kutoka kitenzi kopa. Ni neno lenye ukali. Kamusi za zamani zinaonyesha kwamba kukopa kulibeba maana mbili, kuchukua kwa ahadi ya kulipa na pia kulaghai. Waliolitumia neno hili kabla yetu walijua jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa jirani. Wakatuachia na usemi, kukopa harusi, kulipa matanga. Tena Kiswahili kina uangalifu ambao tumeanza kuupoteza. Ukichukua jembe la jirani ukalime nalo, hukulikopa, umeliazima, kwa sababu utarudisha jembe lile lile. Unachokopa ni kile kitakachotumika kikaisha, kama unga au fedha, halafu ukarudisha kingine cha thamani yake. Ada ya chuo hutumika ikaisha. Haiwezi kuazimwa.

Na deni? Kwa Kiarabu deni na dini huandikwa kwa herufi zile zile tatu za mzizi. Nalitaja hili kwa kupita tu, ingawa naona lina uzito.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hata sisi tunaotamka "mkopo" kwa usahihi tumeufungia kitenzi chake nje. Sikiliza wanafunzi majina yanapotoka: "umepata?", "nimekosa", "awamu ya kwanza nimekosa, nasubiri ya pili". Kupata na kukosa ni vitenzi vya bahati, vya mtu aliyekwenda kuvua samaki. Sijasikia hata mmoja akisema "nimekopa". Mama wa sokoni akichukua fedha kwenye kikundi chake husema amekopa, tena husema kwa sauti ya chini akihesabu wiki za marejesho. Mwanafunzi aliyekopa mamilioni husema amepata. Lugha rasmi nayo inachangia, maana anayekopa huitwa mnufaika. Neno zuri, la mtu aliyefikiwa na manufaa. Jina hilo hudumu mpaka miezi ya kusubiri baada ya masomo inapokwisha, kisha asipolipa anaitwa mdaiwa, na baadaye mdaiwa sugu. Ni mtu yule yule na fedha zile zile. Kama angeitwa mkopaji tangu siku ya kwanza, jina lingemfuata bila kumshtua.

Halafu kuna bumu. Hili ni neno la vyuoni, lililochotwa kwenye Kiingereza likiwa na mlio wa kishindo na wa mali iliyofumka ghafla. Bumu ni ile fedha ya chakula na malazi inayoingia mkononi mwa mwanafunzi kila baada ya muda, na siku ya kusaini bumu chuo kizima huchangamka. Sina ugomvi na neno lenyewe, lina uhai. Shida ni kwamba limemeza mkopo wote. Mwanafunzi huona kile kinachoingia kwenye akaunti yake tu, akadhani ndicho alichokopa. Kumbe ada imelipwa moja kwa moja chuoni bila kupita mkononi mwake, na iko kwenye deni. Fedha ya vitabu na viandikwa iko kwenye deni. Mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti, kwa waliopangiwa, vyote vimo. Ndiyo sababu mtu akipewa taarifa ya deni lake hukasirika na kusema, "Mimi sikupokea fedha zote hizi." Amesema kweli: hakuzipokea, ila alizikopa.

Hapo inaingia ile asilimia ya shangazi. Watu wanasikia asilimia 80 wakadhani ni punguzo, kwamba serikali imebeba themanini na familia itabeba ishirini. Asilimia ile inaonyesha ukubwa wa kile utakachokopeshwa, kwa kadiri uhitaji wako ulivyopimwa. Anayepangiwa zaidi ndiye atakayedaiwa zaidi. Upimaji wa uhitaji una maana kubwa, kwani ndio unaomfikisha yatima na mtoto wa kaya maskini chuoni ambako vinginevyo asingefika, lakini haubadilishi aina ya fedha. Asiyeridhika na alichopangiwa anaruhusiwa kukata rufaa, na akishinda rufaa ameongezewa deni. Sisemi asikate. Akate, tena kwa vielelezo vyote, ila ajue anachokiomba.

Kuomba kwenyewe hakuna siri kubwa. Maombi hufanywa kwa mtandao katika dirisha la miezi michache. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na kwa aliyefiwa na mzazi cheti cha kifo vilevile. Fomu inapita serikali ya mtaa au kijiji, kisha kwa wakili au kamishna wa viapo. Wengi wanakwama kwenye majina: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha kidato cha nne kinasema vile, na dirisha linafungwa mtu akiwa bado anazunguka kutafuta hati ya kusahihisha. Jambo hilo linafaa kushughulikiwa miezi mingi kabla, hata matokeo ya kidato cha sita hayajatoka.

Lakini katika fomu hiyo kuna neno ambalo lingetosha kumaliza ubishi wote, nalo ni mdhamini. Kila mwombaji anaandika mdhamini wake, na mdhamini anasaini. Ufadhili hauhitaji mdhamini. Mtu anayepewa zawadi haulizwi nani atasimama badala yake. Sasa angalia tulivyolichezea neno hili. Kwenye mpira, mdhamini ni kampuni iliyotoa fedha na kuweka jina lake kwenye jezi. Kwenye harambee mdhamini ni tajiri aliyelipia ukumbi. Kwa hiyo mjomba akiombwa awe mdhamini wa mpwa wake huona ameheshimiwa, anatoa picha na kitambulisho, anasaini. Dhamana, kwa maana yake ya asili, ni kujifunga kwa ajili ya mwingine, kama anavyofanya mtu anayemtoa ndugu yake mahabusu: akitoroka, wewe ndiwe utakayeulizwa. Wa mpirani ni mfadhili aliyepewa jina la mdhamini, na wa kwenye fomu ni mdhamini anayejiona mfadhili. Wawili hao tumewabadilishia kofia, na anayeumia ni mjomba.

Ufadhili wa kweli upo, na hilo linazidisha mkanganyiko kwa kuwa mara nyingine unapitia mlango huo huo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo ufadhili uliopewa jina la Rais Samia, kwa wanafunzi waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi au tiba. Huo haurejeshwi. Unatokana na ufaulu, wakati mkopo unatokana na uhitaji. Vyote viwili vinasimamiwa na Bodi, basi watu wanaona jina la Bodi wakajumlisha.

Kuhusu kuendelea kupata fedha, mkopo hautolewi mara moja ukamaliza miaka yako yote. Kila mwaka ni lazima uwe umefaulu mitihani inayokuruhusu kwenda mwaka unaofuata, na chuo ndicho kinachopeleka matokeo. Aliyebaki na supu, yaani mtihani wa kurudia, anahangaika kuanzia hapo. Ukiahirisha masomo au ukihama chuo, taarifa ifike chuoni na kwenye Bodi pia, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Fedha ikitoka usiposaini kwa wakati, inarudi ilikotoka. Na ukidisko, yaani ukiondolewa chuoni kwa kufeli, kile ulichokwisha kutumia hakifutwi kwa sababu hukuhitimu, kinadaiwa vilevile. Wanafunzi wengi hushangazwa na hilo, na mshangao huo unatokana na neno walilolizoea: aliyeamini kwamba alifadhiliwa ataona kudaiwa kuwa ni dhuluma.

Marejesho huanza baada ya miezi 24 tangu mtu amalize au aache masomo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Kabla ya marekebisho ya sheria ya 2016 ilikuwa asilimia 8, na wale waliokuwa wamepangilia maisha yao kwa ile nane walilia kwa haki. Mwaka 2021 ziliondolewa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Zilikuwa zinalifanya deni likue usiku mtu amelala, na kuondolewa kwake kumewasaidia watu wengi ninaowajua. Fanya hesabu mwenyewe: mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anakatwa 120,000, na kama deni ni milioni 10 atakatwa kwa karibu miaka saba. Katika miaka hiyo ataoa au ataolewa, atasomesha wadogo zake, atajenga.

Simaanishi kwamba mkopo ni kitu kibaya. Bila mkopo mimi nisingefika darasani, na nililipa mpaka senti ya mwisho. Fedha hizo zikirudi zinamkopesha mwingine aliyeko kijijini sasa hivi na barua ya udahili mkononi. Kwa sababu hiyo hiyo nataka mtoto aambiwe mapema, kwa neno lililonyooka, ili apange. Aliyejua kwamba amekopa hutunza makaratasi, huuliza salio, hujitokeza mwenyewe miezi 24 ikikaribia. Aliyeambiwa amefadhiliwa hulipokea deni kana kwamba ni la mtu mwingine.

Nilimpigia shangazi kesho yake. Nilimwamkia, nikampongeza tena, kisha nikamweleza taratibu. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, siku nyingine niseme nini?" Nikamwambia aseme serikali imemkopesha kijana wetu ada na chakula, kwa asilimia 80 ya mahitaji yake, na kwamba familia bado ina sehemu yake ya kutoa. Akalirudia polepole: imemkopesha. Halafu akataka kujua ni nani aliyesaini kama mdhamini, na kama mtu huyo ameshaelezwa.