Je, wajua kwa nini aliyepungua uzito huweza kuzidiwa na dawa zake za presha?

Mtu amemeza vidonge viwili vya presha kwa miaka. Anapunguza kilo 12, nguo zinampwaya, watu wanamsifia, lakini yeye kila akiinuka kitandani anaona giza. Wa kwanza kulaumiwa huwa njaa au upungufu wa damu. Lakini chanzo kinaweza kuwa dawa: bado anameza kiasi kile kile, ilhali mwili uliopimiwa kiasi hicho umeshabadilika, na presha inashuka kupita kiasi.

Mafuta ya mwilini hayakai bure. Seli zake hutoa angiotensinojeni, malighafi ya homoni inayobana mishipa ya damu na kuzifanya figo zing'ang'anie chumvi. Hutoa pia leptini, ambayo ikizidi huchochea neva za kuharakisha moyo na kukaza mishipa. Yale ya tumboni huzizunguka figo na kuzikandamiza, zikashindwa kutoa chumvi na maji inavyopasa. Ongeza hapo pumzi inayokatika usingizini kwa wenye shingo nene, jambo linalopandisha presha usiku na hata mchana. Uzito ukishuka, kamba zote hizi hulegea kwa pamoja.

Kwa wastani, kila kilo inayopungua hushusha namba ya juu ya presha kwa kama milimita 1 ya zebaki, kizio cha kupimia presha. Kidonge kimoja cha presha, kwa dozi ya kawaida, huishusha kwa takriban milimita 9. Piga hesabu mwenyewe: kilo 12 zinaweza kufanya kazi ya kidonge kizima. Huo ni wastani tu; yuko atakayeshuka mara mbili ya hapo, na yuko ambaye presha yake haitatikisika.

Wanaopungua kwa kasi ndio wa kuangaliwa zaidi. Kwenye utafiti wa DiRECT wa Uingereza, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka 2017, wagonjwa wa kisukari waliwekwa kwenye mlo mkali wa vinywaji na supu maalumu, na dawa zao za presha zilisimamishwa siku ile ile ya kuanza, kwa kuhofia presha isije ikaanguka. Presha ilipopanda tena, walirudishiwa. Hayo yalifanyika chini ya uangalizi. Mtu anayejisimamishia dawa nyumbani kwa sababu mashine imemwonyesha 122/78 yuko kwenye hali nyingine kabisa, kwani namba hiyo imepatikana dawa ikiwa ndani. Haimwambii chochote kuhusu presha yake bila dawa.

Tena dawa hazifanani. Atenololi na jamaa zake, dawa zinazopunguza kasi ya moyo, zikikatwa ghafla, moyo huweza kwenda mbio na maumivu ya kifua yakazuka. Klonidini ikikatwa ghafla, presha hurudi kwa kishindo, pengine juu kuliko mwanzo. Dawa za kukojoza nazo humkausha upesi mtu aliyepunguza kula na kunywa, ndiyo maana daktari huziangalia mapema. Halafu ziko zilizoandikwa kwa kazi mbili: za kulinda figo zinazovujisha protini, au kuusaidia moyo uliodhoofika. Hizo huweza kubaki hata presha ikiwa nzuri, na mgonjwa asiyeelezwa sababu hudhani amesahauliwa.

Kuna mtego mmoja ambao, kwa maoni yangu, hauzungumzwi vya kutosha: mkanda wa mashine. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Mkono mwembamba ukifungwa mkanda mkubwa, husomeka chini. Aliyenunuliwa mkanda mkubwa enzi za unene wake, akiendelea nao baada ya mkono kupungua, anaweza kufurahia namba ambayo kwa sehemu imeletwa na mkanda. Pima mzingo wa mkono upya, ulinganishe na vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda.

Kinachomsaidia daktari kuamua ni daftari la vipimo vya nyumbani: wiki nzima, asubuhi na jioni, baada ya kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo. Pima pia ukiwa umesimama kama unapata kizunguzungu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3 za kusimama, mpelekee daktari habari hiyo bila kusubiri siku ya kliniki. Ukizimia, usingoje hata kesho.

Kwa kawaida hupunguzwa dawa moja kwa wakati mmoja, au nusu ya dozi, kisha husubiriwa wiki kadhaa. Amlodipini, kwa mfano, hukaa mwilini siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo kipimo kizuri cha siku ya pili hakithibitishi lolote.

Na hata mambo yakienda vizuri, mashine haiwekwi kabatini. Nchini Uswidi, watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene walifuatiliwa kwa miaka 8. Sehemu kubwa ya uzito haikurudi, na kinga dhidi ya kisukari ilidumu; presha, kwa wengi, ilikuwa imepanda tena.