Duara, duru na kata: tunavyokosea kulitafsiri neno "circle"

Mwaka jana niliombwa kupitia kijitabu cha afya kabla hakijaenda kuchapwa. Kwenye ukurasa mmoja akina mama walishauriwa kuzungumzia uzazi wa mpango "ndani ya duara la marafiki". Nikaona kichwani watu wameketi mkekani, wamezungukana. Kiingereza chake kilisema "circle of friends", yaani marafiki wa karibu, wale wa chanda na pete. Mfasiri alikuwa anakijua Kiingereza vizuri kabisa, ila alilichukua neno kama lilivyo kwenye kamusi, mstari wa kwanza, akaendelea na safari. Kosa hili nalikuta kila mara, na dhana zinazolizaa ni zilezile.

Dhana: "Circle" ni duara, basi.

Darasani, ndiyo. Mgiriki Euclid, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alilieleza kama umbo bapa lililozingirwa na mstari mmoja, ambao kila sehemu yake iko umbali sawa na kitovu. Hilo ni duara, na hakuna wa kubisha.

Ukitoka darasani, mambo hubadilika. "Political circles" ni duru za siasa. "Family circle" ni jamaa wa karibu. Katika kumbi za maigizo za Uingereza, "circle" ni viti vya ghorofani. "Vicious circle" ni tatizo linalojizaa upya, kama mtu anayekopa ili alipe mkopo wa jana, na duara la aina yoyote halitamwokoa mfasiri hapo. Mwewe anayefanya "circle" juu ya vifaranga anazunguka tu. Na mtihani unaposema "circle the correct answer", mwanafunzi aambiwe azungushie jibu sahihi.

Dhana: "Duara" na "duru" hayahusiani.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye utamu. Maneno yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuzunguka. Mzizi huohuo umetupa doria, kwa sababu askari wa doria huzunguka lindo. Umetupa idara, ambayo asili yake ni kuendesha jambo, kulifanya lizunguke. Hata "Dar" ya Dar es Salaam, yenye maana ya nyumba au makazi, kamusi za Kiarabu huiweka chini ya mzizi huo. Kwa hiyo anayesema "duru za siasa" na anayechora duara ubaoni wanachota kisima kimoja.

Kiingereza nacho kimepita njia hiyohiyo kwa miguu yake. "Circle" limetoka kwenye Kilatini "circulus", yaani "circus" ndogo, na ukoo huo umezaa maneno ya saketi ya umeme na ya mzunguko wa damu. Ndiyo maana "circles" na "duru" hukutana vizuri zinapotajwa siasa. Lugha zote mbili zilianza na kitu cha mviringo, zikaishia kwa watu.

Dhana: "Circus" ni mahali pa wanyama na wachekeshaji.

Hiyo ni maana moja tu. Piccadilly Circus ya London, iliyojengwa mwaka 1819, ni makutano ya barabara. Dar es Salaam makutano ya namna hiyo, yenye kisiwa katikati, tunayaita kipilefti, na neno hili nalipenda kwa sababu limeliacha umbo likamfuata dereva: pita kushoto. Burundi na Rwanda, wanakoendesha kulia, lisingezaliwa.

Dhana: "Ring" lazima iwe ya mviringo.

Tazama pambano lolote la ngumi. Mabondia wanapigana ndani ya kamba nne zenye pembe nne, na Kiingereza kinapaita "ring" bila wasiwasi. Zamani watazamaji walisimama kuwazunguka wapiganaji wawili, na huo mzunguko wa watu ndio uliokuwa "ring" yenyewe. Kanuni za London za mwaka 1838 ndizo zilizoagiza mraba wa futi 24 kila upande, karibu mita 7.3, wenye nguzo na kamba. Umbo likabadilika, jina likabaki.

Kiswahili hakikuhangaika na umbo hilo. Kilikwenda shambani kikachukua ulingo, lile dungu la miti analopanda mtu kuamia ndege wasile mpunga au mtama. Jukwaa lililoinuka, mtu yuko juu, kila mmoja anamwona. Kwangu mimi hiyo ni tafsiri bora kuliko neno lenyewe linalotafsiriwa, na nasikitika ninapowasikia watangazaji wa michezo wakisema "ringi".

Dhana: Dunia ni duara.

Kwa umbo, hapana. Duara ni bapa, linakaa kwenye karatasi. Kitu cha mviringo pande zote, kama mpira au chungwa, ni tufe. Mwalimu anayewaambia watoto kwamba mpira wa miguu ni duara anawachanganya, na mkanganyiko huo utawafuata hadi watakapoanza kutafuta ujazo.

Tena dunia si tufe kamili. Ukiipima kupitia Ikweta, kipenyo chake ni kilomita 12,756. Ukiipima kutoka ncha hadi ncha, unapata 12,714. Sababu ni kule kujizungusha: dunia inapozunguka, kiuno chake hutuna. Newton alilieleza jambo hili mwaka 1687, na wako waliobisha vikali, hata Wafaransa wakatuma misafara miwili katika miaka ya 1730, mmoja Lapland, kaskazini kabisa mwa Ulaya, mwingine eneo ambalo leo ni Ekwado, wakapime wenyewe. Vipimo vilimpa Newton haki. Aliyesimama Nanyuki, kwenye mstari wa Ikweta, yuko mbali na kitovu cha dunia kwa zaidi ya kilomita 20 kumpita aliyesimama kwenye ncha ya kaskazini.

Lakini msemo wenyewe usirekebishwe. Anayekuambia "dunia ni duara" baada ya kudhulumiwa hazungumzii jiometria. Anasema kwamba dunia huzunguka, kwamba aliye juu leo kesho atakuwa chini. Bila kujua amelirudisha neno kwenye mzizi wake wa kwanza, ule wa kuzunguka.

Dhana: Mviringo, duara na "oval" ni mamoja.

Mviringo ni neno pana, limetoka kwenye kuviringa, na sinia na chungwa vyote vina mviringo. Duara ni lile lenye kipimo kimoja kutoka kitovuni. "Oval" limetoka kwenye neno la Kilatini la yai, na vitabu vya shule vya Kenya huliita duaradufu. Njia ya sayari kuzunguka jua, kama Kepler alivyoonyesha kuhusu Mirihi mwaka 1609, ni duaradufu.

Dhana: Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya vitu vya mviringo.

Hili hunitia uchungu, hasa likisemwa na Waswahili wenyewe. Kidoleni ni pete, mkononi ni bangili, kwa mhalifu ni pingu. Mwanariadha anarusha tufe. Watoto wanazungusha pia, na kutokana na mchezo huo vitabu vya hisabati vikapata jina la umbo lenye kitako cha duara na ncha kali juu. Bomba lina umbo la mcheduara. Halafu iko kata, ambayo wengine huiita ngata: kipande cha kanga au majani ya mgomba yaliyoviringwa, yakawekwa utosini ili ndoo ya maji itulie. Kiingereza hakina neno moja la kawaida la kitu hiki. Hueleza kwa maneno mengi kwamba ni kitambaa, kwamba kimezungushwa, kwamba hukaa kichwani chini ya mzigo. Kisimani mtu husema tu, "Nipe kata," akajitwisha ndoo.