Bugatti Atlantic: yanayosemwa sana, na yaliyomo chini ya bodi

Kati ya 1936 na 1938, kiwanda cha magari cha Bugatti kule Molsheim, mashariki mwa Ufaransa, kilitoa gari aina ya Type 57 Atlantic nne tu. Walioliona kwa macho ni wachache, kwa hiyo mengi yanayosimuliwa juu yake ni ya kupokezana.

Dhana: Ule mshono wa ribiti (vipini vya chuma vya kubana mabati) unaopita mgongoni mwa gari uliwekwa kwa sababu bodi ni ya magnesi isiyochomeleka.

Ukweli: Hiyo ni habari ya Aérolithe, gari la maonyesho lililozinduliwa Paris mwaka 1935. Bodi yake ilikuwa ya Elektron, aloi ya magnesi inayoweza kushika moto ikichomelewa, ndiyo maana kingo za mabati zilikunjwa nje na kupigwa ribiti. Atlantic zote nne ni za alumini, na alumini inachomeleka. Jean Bugatti, mtoto wa Ettore mwanzilishi wa kiwanda, aliubakiza mshono kwa sababu ya sura yake. Alifanya vyema sana, maana ndio unaolipatia gari uti wa mgongo.

Dhana: Gari liko chini kwa sababu mafundi wa bodi walilibana.

Ukweli: Hapa ndipo waliostahili sifa wanaponyimwa. Bodi haiwezi kushuka kuliko chasisi, yaani fremu inayoibeba, inavyoruhusu. Kwenye Type 57 ya kawaida, ekseli ya nyuma inapita chini ya fremu. Kwenye 57S, chasisi iliyobeba Atlantic, ekseli inapenya ndani ya fremu yenyewe, na fremu ikashuka. Ikabaki injini. Bakuli la oili lililoning'inia chini yake lingekaribia mno barabara, kwa hiyo oili ikahamishiwa kwenye tangi la pembeni na kuzungushwa kwa pampu. Umbali kati ya ekseli mbili nao ukapunguzwa kutoka mita 3.30 hadi 2.98. Mchoro wa Jean usingewezekana bila kazi hii ambayo mtazamaji haioni kabisa.

Dhana: Zote zilitoka kiwandani na supachaja, pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini.

Ukweli: La. Ya kwanza, ya Victor Rothschild wa Uingereza, ilitoka mwaka 1936 bila supachaja na ikawekewa mwaka 1939. Injini ni ile ile ya silinda 8 zilizojipanga mstari mmoja, cc 3,257. Bila supachaja inatoa nguvu za farasi 175 hivi, na ikiwa nayo hufika kama 200.

Dhana: Ettore ndiye aliyelibuni.

Ukweli: Ni Jean, akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini. Agosti 1939 alifariki karibu na Molsheim akijaribu gari la mashindano. Alikuwa na miaka 30.

Dhana: Ile Atlantic nyeusi aliyoitumia Jean imeshapatikana.

Ukweli: Haijaonekana tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Anayedai analo aonyeshe chasisi namba 57453.