Bei ya Luka Dončić: kwa nini nasema meneja wa Dallas aliuza bila kufika mnadani

Tarehe 2 Februari 2025 ilikuwa Jumapili, na kwa saa za Afrika Mashariki taarifa ilitufikia saa mbili asubuhi na ushee, vijana wangu wa Upanga wakiwa wameshaanza kupasha misuli moto. Mmoja wao alikuwa amevaa jezi namba 77 ya Dallas Mavericks, timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Aliposomewa kwamba Luka Dončić, nyota wa timu hiyo, amepelekwa Los Angeles Lakers, alisimama na mpira kwapani, akasema akaunti ya mwandishi aliyetoa habari hiyo imedukuliwa, kisha akarudi kwenye mstari kuendelea na mazoezi. Nusu saa baadaye kundi zima lilikuwa limeketi kwenye saruji likibishana, na ubishi ule nimeendelea kuusikia katika kila kozi ya makocha ninayofundisha tangu siku hiyo. Kwa kuwa usimamizi wa mishahara na haki za drafti ni somo ninalolifundisha, ningependa kueleza kwa kirefu ninavyoupima uamuzi ule, kwa sababu naona wengi wanaulaumu kwa hoja isiyo na nguvu na kuiacha ile yenye uzito.

Kwanza, biashara yenyewe. Katika NBA mchezaji hauzwi kwa fedha kama tulivyozoea katika soka. Hubadilishwa kwa wachezaji ambao mishahara yao inakaribiana na wake, na juu yake huongezwa haki za drafti, yaani haki za kuchagua chipukizi wa miaka ijayo. Dallas ilimtoa Luka pamoja na Maxi Kleber na Markieff Morris, ikampata Anthony Davis, kijana Max Christie na haki moja ya raundi ya kwanza ya Lakers ya mwaka 2029. Utah Jazz waliingia kama timu ya tatu ili hesabu za mishahara zikubali. Luka alikuwa amebakiza wiki chache tu kutimiza miaka 26, ameshachaguliwa mara tano katika kikosi bora cha kwanza cha ligi, na miezi minane tu nyuma alikuwa ameifikisha Dallas kwenye fainali dhidi ya Boston Celtics. Davis alikuwa anakaribia miaka 32.

Meneja mkuu aliyefanya biashara hiyo, Nico Harrison, hakuwa mtu asiyejua kazi. Aliingia Dallas mwaka 2021 akitokea kampuni ya Nike, na ingawa katika kiangazi cha 2022 Jalen Brunson aliondoka bure kwenda New York, hasara kubwa kwa timu yoyote, miaka miwili iliyofuata Harrison alifanya kazi ambayo mimi huitumia darasani kama mfano mzuri. Alimleta Kyrie Irving Februari 2023 wakati timu nyingi zilikuwa zinamkwepa. Katika drafti ya mwaka huohuo alimpata Dereck Lively. Februari 2024 aliwachukua P.J. Washington na Daniel Gafford, wachezaji wawili ambao hawakuwa nyota mahali walipotoka, lakini kila mmoja aliziba pengo lililojulikana: mmoja wa kukaba pembeni, mwingine wa kulinda kikapu na kupokea pasi za juu za Luka. Meneja anayeona pengo namna ile na kulipata tofali lake kabla ya msimu kwisha ana jicho, na fainali ya Juni 2024 ilikuwa matunda ya jicho hilo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba hakujua mpira. Hoja yake kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa ni hoja halali, na wasiwasi wake kuhusu utimamu wa mwili wa Luka, aliyekuwa nje tangu alipoumia misuli ya mguu siku ya Krismasi, haukuwa wa kubuni. Kulikuwa pia na suala la mkataba: kiangazi kilichofuata Luka angestahili mkataba mkubwa kuliko wote uliowahi kutolewa katika ligi hadi wakati huo, uliokadiriwa kufikia dola milioni 345 kwa miaka mitano, na haki hiyo angeipata akiwa Dallas tu. Meneja anaruhusiwa kujiuliza kama anataka kusaini karatasi hiyo. Mimi mwenyewe ningeisaini bila kulala juu yake, kwa maana nilimwona mtu huyu katika mchezo wa pili wa fainali ya Magharibi, moja ya kanda mbili za ligi hiyo, mwaka 2024, Dallas ikiwa nyuma kwa pointi mbili, akimvuta Rudy Gobert, mlinzi bora wa mwaka, hadi nje ya mstari wa pointi tatu, akarudi nyuma hatua moja na kufunga kikapu kilichoipa timu ushindi wa 109 kwa 108. Hata hivyo naelewa kwamba mtu mwingine anaweza kupima tofauti.

Tatizo langu linaanza pale anapoamua kumtoa. Mazungumzo yalianza mwezi Januari kati yake na Rob Pelinka, meneja mkuu wa Lakers, watu waliofahamiana tangu enzi za Kobe Bryant, nyota wa zamani wa Lakers, na yakabaki kati ya pande hizo hadi mwisho. Timu nyingine hazikuulizwa. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka ng'ombe mnadani anajua kwamba bei haitoki kwa mwenye ng'ombe wala kwa mnunuzi wa kwanza. Inatoka pale wanunuzi wawili wanapoanza kutazamana. Harrison alimpeleka ng'ombe wake bora nyumbani kwa mnunuzi mmoja, usiku, na akaridhika na bei ya pale mlangoni.

Ushahidi kwamba bei ile ilikuwa ndogo haukuhitaji kusubiri matokeo ya uwanjani. Wiki ileile, Lakers walikubaliana na Charlotte Hornets kumchukua Mark Williams, mchezaji wa kati ambaye hajawahi kuitwa mchezo wa nyota, ule wa kila mwaka wa wachezaji bora wa ligi, na walichokuwa tayari kutoa ni kijana wao Dalton Knecht, haki ya raundi ya kwanza ya mwaka 2031 na haki ya kubadilishana nafasi ya mwaka 2030, yaani mwenye haki hiyo huchukua nafasi bora kati ya yake na ya mwenzake katika drafti. Biashara hiyo ilivunjwa baada ya vipimo vya afya, lakini sisi tuliokuwa tunafuatilia tulikuwa tumeshaona kilichokuwa mfukoni. Vitu hivyo vyote vilikuwepo siku Dallas ilipokuwa inazungumza, pamoja na Austin Reaves, mchezaji mwingine wa Lakers, na havikuchukuliwa. Kiangazi kilichotangulia, Brooklyn Nets walipata haki tano za raundi ya kwanza kwa Mikal Bridges, mchezaji mzuri ambaye naye hajawahi kucheza mchezo wa nyota. Kwa Luka ilipatikana moja.

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wafungue daftari la haki za drafti la Dallas lenyewe, kwa sababu watu wengi hawalitazami. Katika kuijenga timu ya kumzunguka Luka, Harrison alikuwa ametumia karibu mustakabali wote: haki ya 2027 ilikwenda Charlotte, isipokuwa tu ikiangukia nafasi za juu kabisa, Oklahoma City ina haki ya kubadilishana nafasi na Dallas mwaka 2028, ya 2029 ilipitia Brooklyn katika biashara ya Irving na ikaishia mikononi mwa Houston, na San Antonio ina haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2030. Kwa miaka minne mfululizo, Dallas haikuwa na mamlaka kamili juu ya chipukizi wake. Timu ya namna hiyo ikimtoa nyota wa miaka 25 na kumchukua wa miaka 31, jambo la kwanza kuliomba ni kurudishiwa daftari lake.

Na tazama waliolishika. Oklahoma City, Houston na San Antonio ni timu tatu zilizokuwa na hazina kubwa ya vijana na haki za drafti kuliko karibu ligi nzima, na mbili kati yake ziko Texas, umbali wa saa chache kwa gari kutoka Dallas. Wako wanaonijibu kwamba usimpe mpinzani wa karibu silaha. Ningelikubali jibu hilo kama Luka angepelekwa Mashariki, lakini Lakers wanacheza Magharibi kama Dallas.

Katika kozi ya mwezi Aprili mwaka ule niliwagawa makocha katika meza tano, kila meza nikaipa timu moja na karatasi inayoonyesha ilichokuwa nacho Februari 2025, nikawaambia waandike dau lao bila kusemezana. Meza ya Houston iliandika kijana mmoja wa kikosi cha kwanza, kuirudisha haki ya Dallas ya 2029, na haki nyingine mbili za raundi ya kwanza. Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Morogoro, aliyekaa meza ya San Antonio, alisoma karatasi yake kwa sauti ndogo kama mtu anayeogopa kwamba ametoa pungufu, nayo ilikuwa mara mbili ya kile Dallas ilichopata. Ni kweli kwamba dau la darasani si dau la mmiliki mwenye fedha zake, lakini hakuna meza hata moja iliyofika chini ya haki mbili.

Utetezi mzito zaidi wa Harrison ni ule wa siri: kwamba habari zingevuja, Luka na wakala wake wangetishia kutosaini mkataba mpya na timu wasiyoitaka, na dau zingeshuka. Huu ni utetezi wa mtu anayejua kazi, na ninauheshimu. Lakini Luka alikuwa amefungwa na mkataba hadi mwisho wa msimu wa 2025-26, na tunajua timu hulipa nini kwa muda mfupi kuliko huo. Julai 2018 Masai Ujiri wa Toronto Raptors, ambaye mama yake ni Mkenya, alimtoa DeMar DeRozan, mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika historia ya timu hiyo, ili ampate Kawhi Leonard aliyekuwa amecheza michezo tisa tu msimu uliotangulia na ambaye alikuwa na uhuru wa kuondoka baada ya mwaka mmoja. Aliondoka kweli, lakini kombe la 2019 lilikuwa limeshabaki Toronto. Ujiri naye aliumiza mioyo ya mashabiki, na DeRozan alihisi amedanganywa, jambo ambalo Ujiri aliliombea radhi hadharani. Tofauti ni kwamba alikuwa mnunuzi wa mchezaji bora katika biashara ile, wakati bei yake ilikuwa imeshuka, na alihatarisha kitu alichoweza kukijenga tena.

Yaliyofuata Dallas yanajulikana. Davis aliumia katika mchezo wake wa kwanza kabisa baada ya kupata pointi 26 na ribaundi 16, Irving akaumia goti mwezi Machi, timu ikamaliza na ushindi 39. Tarehe 9 Aprili Luka alirudi Dallas akiwa na jezi ya Lakers, akalia kwenye benchi wakati video ya kumuaga ikionyeshwa, kisha akafunga pointi 45. Mwezi Mei bahati nasibu inayopanga nani achague kwanza katika drafti iliipa Dallas nafasi ya kwanza, ikiwa na uwezekano wa asilimia 1.8 tu, na ikampata Cooper Flagg, chipukizi aliyesubiriwa kuliko wote mwaka ule. Harrison alifukuzwa tarehe 11 Novemba 2025, timu ikiwa imeshinda michezo mitatu kati ya 11.

Sitaki kumhukumu kwa majeraha ya Davis, na kwa kipimo hichohicho sitaki Flagg ahesabiwe kama sifa yake, kwa kuwa vyote viwili vilikuja bila mkono wake. Ninachomhesabia ni kile kilichokuwa ndani ya uwezo wake mwezi ule wa Januari: simu tatu, kwenda Houston, San Antonio na Oklahoma City, ambazo hakuzipiga.